Kijana Tuliyemzika Bellevue

Mke wangu alikuwa akisema nina familia mbili, moja ya kulisha na moja ya kubonyeza. Ile ya kubonyeza ilikaa ndani ya laptop nyeusi iliyokatika bawaba, niliyoinunua kwa mwanafunzi mmoja pale Doornfontein, Joburg, nilikokuwa na kibanda cha kutengeneza na kuuza kompyuta zilizotumika. Mwanafunzi hakufuta kitu. Nilipoiwasha niisafishe, nikakuta mchezo wa mieleka. Si ule wa kurushiana ngumi kwa vidole, hapana. Huu hauna hata mtu anayeruka. Ni maandishi matupu na picha ndogo za nyuso. Wewe ni bosi wa kampuni ya mieleka: unaajiri, unafundisha, unapanga nani apambane na nani, unaamua nani ashinde, kisha unasoma jinsi watazamaji walivyopokea.

Nilitaka kuufuta. Badala yake nikala chakula cha mchana nikiuchungulia, na jioni nikabeba laptop hadi nyumbani. Hiyo ilikuwa 2015, na sikuja kuiuza tena.

Tulikaa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba. Chumba chetu kilikuwa cha mbele. Jiko tulichangia na Wakongo na Warundi, na kila mtu alikuwa na Kiswahili chake, tukacheka, tukaelewana. Asiyekuwa na Kiswahili alikuwa binti yangu, aliyezaliwa hapohapo Joburg. Alikielewa, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, na akitoka nje kucheza ni Kizulu mwanzo mwisho. Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga, mtoto alikuwa anaishika simu kwa ncha za vidole, anasema, "Shikamoo bibi, nzuri, nzuri," hata kabla hajaulizwa. Mama hakulalamika. Aliniambia tu, "Huyu mjukuu wangu ni mgeni wa nani?" Nilicheka, lakini lilinichoma.

Ule mchezo ndio uliomfungua mdomo. Alipenda kuketi kando yangu kitandani, nami nikaweka sheria: hapa ni ofisini, na ofisini tunaongea Kiswahili. Anayeleta Kiingereza anakwenda kukaa na mama yake. Basi akaanza kukokota maneno. "Baba, huyu amechoka. Baba, mpe mwalimu." Umeme ukikatwa kwa zamu, tuliendelea kwa betri mpaka skrini ikazimika.

Yapo maneno mawili lazima niyaeleze, maana ndiyo yaliyotuponza. Katika mieleka ya maonyesho ushindi hupangwa, na anayekubali kushindwa ili mwenzake apande, wenyewe wanasema amelala. Sisi tukasema amelazwa. Na kijana akilazwa kila siku mbele ya watu mpaka hakuna anayemtaka tena, wanasema amezikwa. Si mimi niliyeyatunga. Niliyavusha tu kutoka Kiingereza chao, nikampa mtoto, naye akayameza yalivyo.

Utamu wa mchezo ulikuwa kukuza vijana. Unamchukua wa miaka kumi na minane ambaye hajui hata kuanguka. Humkimbizi kwenye ukumbi mkubwa, watamzomea. Unamweka shule ya mazoezi, unamtafutia mkongwe mpole wa kumwongoza, unamwacha akosee mahali padogo ambapo hapana anayeona. Akivunjika moyo, unampa ushindi mdogo. Nilikuwa stadi wa mambo hayo, sijisifu. Nilijua nani ana kinyongo na nani, nani anahitaji kupumzishwa. Niliweza kuwa natembea kwenda kazini, nasimama kwenye roboti, ndizo taa za barabarani, inawaka kijani na mimi bado nawaza ni nani nimpe kijana fulani amfundishe kuanguka.

Mwaka 2018 mama akaniletea mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa na miaka ishirini, kimya, mwenye kucheka kwa macho. Mama aliniambia kwenye simu, "Nimekupa kijana wangu umkuze. Mfundishe kazi yako, akirudi awe mtu." Nikasema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo fani yangu." Nilisema hivyo, jamani, kwa mdomo huu.

Kibandani nilimpa ndoo na kitambaa. Asafishe keibodi, apanguse skrini, asimame mlangoni aite wateja, akaninunulie chipsi. Nikamwambia aanze hivyo, kazi atajifunza taratibu. Alijibu, "Sawa kaka." Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, na bado ilikuwa sawa kaka. Akisogea kunitazama nikiwa nimefungua mashine, namwambia usinizibie mwanga. Kusema kweli sikuwa na ubaya naye. Nilikuwa mvivu wa kufundisha, basi. Mtu mzima anauliza maswali, anashika vitu, anavunja, na unamlaza chumba kimoja na wewe nyuma ya pazia. Vijana wa kwenye laptop hawakunizibia mwanga.

Siku moja mapema 2019 nilirudi kutoka msikitini nikamkuta ameifungua laptop ya mteja peke yake. Amepanga skrubu zote kwenye kifuniko cha ndoo, kwa utaratibu. Mteja mwenyewe alikuwa amesimama pale. Hapo hasira ikanipanda kichwani. Nikamwambia mbele ya yule mteja maneno ambayo huwezi kumwambia hata mwizi. Yeye akarudisha skrubu moja moja, akafunga, akawasha. Ikawaka. Mteja akaondoka zake. Ndipo akaniambia, bila kupandisha sauti, "Kaka, wale watoto wako wa kwenye kompyuta kila mmoja ana mwalimu. Mimi nina ndoo."

Ningenyamaza. Badala yake nikasema, "Basi nenda kaishi nao."

Jioni hiyo alichukua begi lake Bellevue, akamuaga mke wangu, akambusu mtoto, akatoka. Mimi nilikuwa kitandani na laptop mapajani nikijifanya nasoma. Nilidhani atalala kwa rafiki, kesho atarudi na shikamoo yake. Hakurudi. Namba yake ikawa haipatikani. Nami nikakaza shingo: mimi ndiye mkubwa, kwa nini nimfuate?

Ila mama aliendelea kupiga. Kijana hajambo? Hajambo mama. Nipe niongee naye. Yuko kazini. Siku nyingine nikasema simu yake imeibiwa, na kwa kuwa Joburg ina sifa hiyo, mama akaamini. Kila nikikata simu nafsi ilinisuta. Nilikuwa najiambia kesho nitamtafuta, kisha nafungua mchezo.

Wakati huo mimi na binti yangu tulikuwa na kijana mmoja tuliyemwokota akiwa hajui kitu. Binti ndiye aliyemchagua, kisa masikio yake yamesimama. Jina lake la kizungu lilikuwa refu, linanikwama, kwa hiyo tukamwita kijana wetu. Tulimlea kwa uangalifu mpaka watazamaji wakaanza kumshangilia. Sasa nilikuwa pia na mkongwe mmoja, nyota wa kampuni, mwenye kudeka. Kila akitishia kuondoka, nilimtuliza kwa kumpa mtu wa kumlaza. Na wa karibu, asiyelalamika, alikuwa kijana wetu.

"Baba, usimlaze tena," binti aliniambia.

"Mwache asubiri kidogo. Zamu yake inakuja."

Halafu mji ukachafuka. Watu walianza kuvunja maduka ya wageni, moshi ukaonekana upande wa Jeppestown, na sisi wa vibanda tukafunga tukakaa ndani. Nilikuwa na hofu na sikuwa na la kufanya, nikacheza mchezo kutwa. Moyoni nilijua mdogo wangu yuko nje huko, sijui wapi, na kila nilipomkumbuka nilipanga onyesho jingine. Ndani ya siku hizo kijana wetu alilazwa na kila mtu. Mwisho alipotokea ukumbini hakuna aliyepiga makofi. Binti akasoma skrini, akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Baba, umemzika." Akaenda kukaa na mama yake bila kufukuzwa.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alikwenda saluni kwake, mambo yalikuwa yametulia kidogo. Mimi nikatoka kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha pale kona, nikaacha simu kitandani. Mama akapiga. Binti akapokea. Aliyoyasema alinieleza mwenyewe baadaye, na kwa fahari.

Bibi aliuliza, "Kijana wetu yuko wapi, mbona simpati?"

Mtoto alimjua mdogo wangu kama ba'mdogo. Kijana wetu, kwake, alikuwa mmoja tu.

"Hayupo, bibi. Alilazwa."

"Alilazwa lini?"

"Kila wiki. Alilazwa, alilazwa, mpaka watu wakamsahau."

"Na sasa?"

"Sasa baba amemzika."

Upande wa pili kukawa na kishindo na kelele, mtoto akafikiri mtandao unasumbua. Akaiweka simu chini akaendelea na kazi zake za shule. Alijisikia vizuri sana. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bibi yake kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Niliporudi na mkate simu ilikuwa inaita. Ni dada yangu mkubwa, sauti imekauka kwa kulia. "Hukuona hata haja ya kutuambia? Umemzika mwenyewe kimyakimya, kama paka?"

"Nimemzika nani?"

"Unaniuliza nani?"

Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia, na mtu anaagiza mikeka itandikwe uani. Nikamgeukia binti yangu, nikamuuliza kama bibi amepiga. Akanieleza. Nilipoelewa, kicheko kilinitoka, kibaya, sikukitaka. Nikamwambia dada, "Si hivyo. Ni mchezo, mchezo wa kompyuta, mtoto alikuwa anasema habari za mchezo."

"Mama ameanguka hapa, tunampepea, na wewe unatuletea mchezo?"

"Dada, nakuapia, ni mzima."

"Kama ni mzima mpe simu tumsikie."

Nikasema hayupo hapa. Dada akasema polepole, kama anayeongea na mtu asiyemjua, "Miezi yote hii hayupo hapo. Kwa hiyo ni kweli." Akakata.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeapa kwamba ni mzima, na kiapo hicho sikuwa na hakika nacho. Mji umewaka moto, watu wamepigwa, na mimi sikujua mdogo wangu analala wapi. Nikakaa chini palepale sakafuni na mkate wangu. Binti akauliza kama amekosea neno. Nikamwambia hapana, maneno yote ni sahihi.

Nikampigia mke wangu saluni. Nikaanza kumweleza huku nimechanganyikiwa. Akanikatisha, "Nina kichwa cha mtu mkononi, ongea taratibu." Nikaongea taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Yuko Jeppestown," alisema. "Kwa fundi makochi mmoja, Mkongo, karakana iko nyuma ya duka la matairi. Hajambo. Juzi kapita hapa."

"Ulijua muda wote?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza."

Nilimwachia mtoto jirani yetu Mrundi, nikapanda teksi hadi mjini, nikateremka na kwenda kwa miguu. Njiani maduka mengine yalikuwa bado na mabati mlangoni. Nilipanga maneno ya kumwambia. Nilianza na ya ukubwa, mimi ni kaka yako, nikayaacha. Nikachukua ya msamaha, nayo nikaona yamekaa kama ya kumlilia anisaidie, maana kweli nilikuwa naenda kumwomba kitu. Mama alikuwa ameanguka, na dawa alikuwa nayo mtu niliyemfukuza.

Nje ya karakana nilimkuta yule fundi Mkongo, mzee wa Lubumbashi, suruali imejaa vumbi la sponji. "Jambo papa," alisema, yaani baba, kama Wakongo wanavyoita. "Unatafuta nani?"

"Kijana wa Tanga."

"Eko mu kazi. Ingia."

Sikuingia. Nilisimama mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kukipigilia pini kwa mwingine. Kando yake kulikuwa na mtu mwingine akimshikia kona, na mdogo wangu ndiye aliyemwelekeza, shika hivi, legeza kidogo. Mikono yake haikuwa na haraka. Mkono wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichofungwa kitambaa. Niliona wivu, na baada ya wivu niliona aibu, kwa sababu mambo yote niliyoyajua mimi kuhusu kukuza kijana, mtu mwingine alikuwa ameyafanya.

Akainua macho akaniona. Akaweka kifaa chini, akaja, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo kaka."

Ile shikamoo ilinimaliza. Kama angenitukana ningejua pa kusimama. Nikaitikia "Marahaba." Tukatoka hadi ukutani nje, nikamweleza yote bila kupamba, mchezo, maneno ya mtoto, mikeka iliyotandikwa. Nilitegemea atacheka. Nilipofika pa mama kuanguka, uso ukambadilika.

"Piga," alisema.

Dada alipokea. Nikasema, "Huyu hapa," nikaweka sauti ya nje nikampa.

"Dada, ni mimi."

Hawakuamini. Mama akachukua simu, sauti imepungua. "Kama ni wewe kweli, niambie mguu gani unaniuma."

"Wa kushoto, mama. Lakini ukitaka tukuonee huruma unachechemea na wa kulia."

Mama akalia. Akalia muda mrefu, na nyuma yake nikasikia wale wanawake nao wanaanza upya, sasa kwa furaha. Mdogo wangu aliushika ukuta kwa kiganja. Akamwambia mama hajaugua hata siku moja, anakula, analala, kazi ipo. Mimi nilisubiri lile swali. Nilijua litakuja, na nilijua sina haki ya kulizuia. Nilikuwa nimeamua, akisema ukweli, nitaongeza na mimi yale aliyoyaacha.

"Na kaka yako?" mama akauliza. "Anakuangalia?"

Akanitazama moja kwa moja. Nami nilikuwa namtazama, sikuweza kuondoa macho.

"Ndiyo mama," alisema. "Ananiangalia."

"Mpe simu."

Nikaichukua. Mama akasema, "Nisamehe mwanangu. Nilikudhania vibaya leo, nikakusema mbele ya watu. Mungu akuzidishie kwa unavyonitunzia mtoto wangu." Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na neno lenyewe ulimini: mama, nilimfukuza. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akanyoosha mkono, akakata simu kwa kidole.

"Sikusema kwa ajili yako," alisema. "Presha ya mama unaijua."

"Najua. Lakini nitamwambia."

"Utamwambia akipona. Si leo ili wewe upumue."

Nikamwomba radhi. Nilisema pale ukutani, kwa maneno machache, na wapita njia wakitutazama. Akasikiliza kwa adabu. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Nikamwambia aje nyumbani kula, mke wangu atapika wali, mtoto anamuulizia. Akasema atakuja kumwona mtoto, siku nikiwa kazini ni rahisi zaidi kwake. Akanipa mkono, akarudi ndani.

Nikabaki pale nikijifanya natafuta kitu kwenye simu. Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia ile mashine ya pini inaanza tena, kisha ikasimama, na yule mzee akauliza, "Ule papa ni nani?"

"Mtu wa kwetu tu," mdogo wangu alijibu. "Anatoka Tanga."